Usimwage Kabla ya Kupima: Kongosho la Ng'ombe na Chumvi Inayotenga Vimeng'enya

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi wa maabara na wa mifugo, na ninyi ndugu zetu mlioanza kazi machinjioni alfajiri na bado mkapata nguvu ya kuja kutusikiliza, asanteni sana. Wazee wangu, shikamooni.

Nimeombwa nieleze jinsi vimeng'enya vya kuyeyusha chakula vinavyotolewa kwenye viungo vya mnyama na kusafishwa kwa kufanywa vituame. Nitaanza na kiungo chenyewe, kwa kuwa wengi wetu tunaokula maini, figo na supu ya utumbo hatulijui kongosho kwa sura. Wachinjaji mnalijua. Limelala pale utumbo mwembamba unapoanzia, rangi yake ni ya waridi iliyopauka, limegawanyika vipandevipande, na limefunikwa na mafuta kiasi kwamba anayepasua kwa haraka huling'oa pamoja na mafuta hayo na kulitupa kwenye ndoo ya mabaki. Likikaa kwenye joto saa chache hulegea na kuanza kuteleza mkononi kabla nyama nyingine ya mnyama huyo huyo haijaonyesha dalili yoyote. Anayeona hivyo husema limeoza. Mara nyingi halijaoza bado, limeanza kujila lenyewe.

Ndani ya kipande hicho cha nyama hutengenezwa vitu vinavyovunja protini, mafuta na wanga wa kila tunachokula. Humo humo hutoka insulini. Sasa, kiungo ambacho nacho ni nyama kinawezaje kuhifadhi kitu kinachoyeyusha nyama? Jibu ni kwamba kongosho hutengeneza vimeng'enya vyake vikali vikiwa vimelala. Tripsini, kimeng'enya kinachovunja protini, hutoka ikiwa tripsinojeni, isiyokata chochote. Ikifika kwenye utumbo, inakutana na kimeng'enya kingine kiitwacho enterokinasi, ambacho hukata kipande kidogo mwanzoni mwa mnyororo wake, na hapo inaamka. Enterokinasi iligunduliwa na Shepovalnikov mwaka 1899 katika maabara ya Ivan Pavlov kule Urusi. Na tripsini ikishaamka kidogo, nayo huamsha tripsinojeni iliyobaki. Ndiyo sababu mchezo mzima unaharibika mara moja: tone la kwanza likiamka ndani ya ndoo yako, mengine hayasubiri ruhusa.

Kwa hiyo kazi ya kutenga vimeng'enya hivi huanzia kwenye kisu cha mchinjaji, si mezani kwa mtaalamu. Nitarudi kwenye jambo hilo mwishoni kwa sababu nina ombi.

Watu walijua zamani kwamba tumboni kuna kitu kinachoyeyusha. Mwaka 1752 Mfaransa René de Réaumur alimlisha mwewe vibomba vidogo vya chuma vilivyotiwa nyama. Mwewe hutapika asichoweza kumeng'enya, na vibomba viliporudi, nyama ilikuwa imeliwa ingawa hakuna kilichoweza kuisaga humo ndani. Mwaka 1836, kule Berlin, Theodor Schwann aliitambua pepsini, kimeng'enya cha tumbo. Mwaka 1876 Wilhelm Kühne wa Heidelberg aliitenga na kuipa jina tripsini ya kongosho. Lakini miaka mingi baada ya hapo hakuna aliyeweza kukuonyesha kimeng'enya ni kitu gani. Ulionyeshwa maji yenye nguvu. Nguvu ulizipima, mwenye nguvu hukumwona.

Hapo ndipo ulipozuka ubishi ambao kwangu mimi ndio kiini cha habari yote hii. Richard Willstätter wa Munich alikuwa mkemia mkubwa. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1915 kwa kazi yake juu ya rangi za mimea, hasa ile ya kijani ya majani. Alipogeukia vimeng'enya, alivisafisha hatua kwa hatua mpaka akafika kwenye myeyuko uliokuwa bado unafanya kazi lakini vipimo vya protini havionyeshi kitu. Akahitimisha kwamba kimeng'enya si protini. Protini, kwa maoni yake, ilikuwa mbebaji tu, na kitendaji chenyewe ni kitu kidogo kilichojibandika juu yake.

Hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi. Alikuwa ameona kwa macho yake kazi inafanyika na protini haionekani. Kilichomponza ni kipimo. Kimeng'enya kinafanya kazi kikiwa kidogo mno, kiasi ambacho vipimo vya protini vya wakati ule havikuweza kukigusa. Alikuwa analinganisha vipimo viwili visivyolingana kwa ukali, kimoja kinaona chembe na kingine hakioni mpaka zijae kijiko. Nawaomba wanafunzi mliangalie hilo kwa makini, kwa sababu linatokea kila siku kwenye maabara zetu: karatasi ya kupimia haibadiliki rangi, na mtu anaandika kwenye daftari kwamba kitu hakipo.

Waliomjibu hawakumjibu kwa maneno. James Sumner wa Chuo Kikuu cha Cornell alikuwa amepoteza mkono wa kushoto akiwa kijana wa miaka 17 katika ajali ya uwindaji, naye alikuwa mtu wa mashoto. Alijifunza upya kila kitu kwa mkono wa kulia. Mwaka 1926, baada ya kazi ya miaka tisa, alipata fuwele, yaani vipande vigumu vyenye umbo lililopangika, za kimeng'enya kiitwacho ureasi kutoka kwenye aina ya maharage, na fuwele hizo zilikuwa protini. Wengi hawakumwamini, Willstätter akiwa miongoni mwao.

Kisha John Northrop, wa Taasisi ya Rockefeller kule Princeton, akachukua pepsini. Hakuanza na tumbo bichi. Alianza na unga wa pepsini ya nguruwe uliokuwa ukiuzwa na kampuni ya dawa ya Parke, Davis, unga wa kawaida wa dukani. Aliuyeyusha kwenye asidi, akaongeza chumvi ya magnesi salfeti mpaka vimeng'enya vikatuama, akachuja, akayeyusha mashapo kwa alkali kidogo, akayarudisha chini tena kwa asidi. Mwisho akapata uji mzito. Uji huo akaupasha joto la nyuzi 45 hivi, akaongeza alkali mpaka ukawa myeyuko, akauacha upoe taratibu. Ulipopoa, fuwele zikajitokeza: piramidi mbili zilizounganishwa kitako kwa kitako, kila moja yenye pande sita. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1930.

Fuwele peke yake zisingetosha, na Northrop alilijua hilo. Fuwele nzuri zinaweza kuficha kitu kingine ndani yake. Kwa hiyo alihesabu. Alizifanya fuwele upya mara kwa mara na kuangalia kama nguvu kwa kila miligramu inabadilika. Haikubadilika. Aliharibu protini kidogo kidogo kwa joto na alkali, akakuta nguvu zinapotea kwa uwiano ule ule wa protini iliyoharibika. Kisha yeye na mwenzake Moses Kunitz wakatumia kipimo ambacho mimi nakiona cha kupendeza kuliko vyote: kipimo cha kuyeyuka. Kitu kimoja kilicho safi kina kikomo kimoja cha kuyeyuka. Ukishafika kikomo hicho, hata ukiongeza kilo nzima, kiasi kilichomo majini hakipandi. Kama ni mchanganyiko wa vitu viwili, kimoja kikishafika kikomo kingine huendelea kuyeyuka, na mchoro wako hupinda mahali pasipotakiwa.

Mwaka 1934, kule Cambridge, John Bernal na Dorothy Crowfoot walipiga fuwele za pepsini picha ya miali ya eksirei zikiwa bado zimelowa kwenye maji yake. Ilitokea mpangilio safi wa vidoa, ushahidi kwamba chembe zote za protini ile zina umbo moja lililopangika. Na mwaka 1946 Tuzo ya Nobel ya kemia ikaenda nusu kwa Sumner, nusu nyingine kwa Northrop na Wendell Stanley, yule aliyepata fuwele za kirusi cha tumbaku.

Sasa tuingie jikoni. Chumvi inafanya nini?

Protini inakaa majini kwa sababu sehemu kubwa ya uso wake inashikana na maji. Ina mabaka mengine yasiyopenda maji, lakini maji yaliyoizunguka huyafanya mabaka hayo yasikutane. Ukiongeza chumvi nyingi, chumvi nayo inataka maji, na inayavuta kwake. Yale mabaka yanabaki wazi, protini moja inajibandika kwenye nyingine, zinajikusanya, zinakuwa nzito, zinatuama. Franz Hofmeister wa Prague alilichunguza jambo hili mwaka 1888 kwa ute wa yai, akazipanga chumvi kwa nguvu zake za kutuamisha. Salfeti zilikuwa miongoni mwa zile zenye nguvu zaidi.

Uzuri wake ni kwamba protini hazitoki zote kwa pamoja. Nyingine hutoka chumvi ikiwa kidogo, nyingine huvumilia mpaka maji yakaribie kushiba. Na zikishatuama hivyo kwenye baridi, nyingi haziharibiki. Ukiyatia mashapo maji safi, yanayeyuka na kazi inaendelea. Joto lingeziua. Chumvi inazilaza.

Chumvi inayotumika zaidi ni salfeti ya amonia. Wakulima mliomo humu mnaijua, maana ni ile ile SA mnayoitia shambani, nyeupe, inayoyeyuka upesi ikipata unyevu. Ya mbolea ina uchafu, hasa madini yanayoweza kukidhuru kimeng'enya, kwa hiyo kwa kipimo cha kuandikwa tumieni iliyosafishwa ya maabara. Lakini nimelitaja hili ili mwanafunzi asidhani kwamba tunazungumzia dawa adimu inayofika kwa ndege. Huyeyuka ajabu: lita moja ya maji kwenye nyuzi 25 inabeba gramu 767 hivi kabla ya kushiba.

Njia ambayo Northrop na Kunitz waliitumia kwa kongosho la ng'ombe katika miaka ya 1930 bado inafundishika leo karibu kama ilivyo. Kongosho linatoka kwa mnyama na kutumbukizwa hapo hapo kwenye asidi ya salfuriki baridi, iliyozimuliwa sana. Ni kama mililita 7 za asidi kali kwa lita moja ya maji, na siku zote unatia asidi kwenye maji, kamwe usitie maji kwenye asidi. Asidi hiyo inafanya mambo mawili kwa mpigo: inazuia tripsinojeni isiamke, na inagandisha protini nyingi tusizozihitaji. Kisha unaondoa mafuta, unasaga kwenye mashine ya nyama, unaloweka kwenye asidi ile ile mara mbili ya ujazo wa nyama, unaacha kwenye friji usiku kucha. Asubuhi unachuja kwa kitambaa cha shashi.

Kinachopita ni maji ya ukungu. Hapo chumvi inaanza. Kwa lita moja, kwenye nyuzi 25, gramu 243 zinakufikisha asilimia 40 ya kushiba. Kwenye barafu zinahitajika pungufu kidogo, kwa hiyo soma jedwali la jotoridi lako. Twanga chumvi iwe laini. Itie kwa kijiko, kidogo kidogo, huku ukikoroga polepole bila kutoa povu. Wanafunzi huona povu ni ishara ya bidii. Protini inayonaswa kwenye ngozi ya povu hukunjuka na kufa, na huwezi kuifufua. Ukimwaga chumvi yote kwa pamoja, pale inapoangukia maji yanashiba kabisa kabla hujakoroga, na vitu vilivyopaswa kutoka baadaye vinatoka sasa hivi, vimechanganyika na vya mwanzo.

Ukifanya kwa subira utaona mabadiliko yenyewe. Kwa muda mrefu hakuna kitu. Kisha, kijiko kimoja tu, na maji yaliyokuwa yakipitisha mwanga yanageuka kama tui. Simamisha mkono hapo. Acha nusu saa, kwa kuwa chembe zinahitaji muda wa kukutana na kuwa kubwa. Kisha chuja, au zungusha kwenye sentrifuji kama mnayo.

Mashapo haya ya asilimia 40 si tunayoyataka. Tunayoyataka yamo kwenye maji yaliyopita. Ongeza gramu 205 kwa kila lita ya maji hayo, ufike asilimia 70, na sasa tripsinojeni inatuama pamoja na kimotripsinojeni, mwenzake wa kongosho aliyelala kama yeye. Zichuje, ziyeyushe, rudia mara nyingine ile 40 na 70. Baada ya hapo, ukiweka pH yake, yaani kipimo cha asidi na alkali, karibu na 5 na chumvi ya kiasi, ukaacha kwenye joto la kawaida la chumba kwa siku moja au mbili, kimotripsinojeni hujitenga yenyewe kwa fuwele na kuiacha tripsinojeni majini. Kiungo kimoja, chumvi moja, vitu viwili vimeachana.

Nataka sasa nitulie kwenye jambo lililonifanya nikubali kuja kusema leo. Tunapofundisha hatua hizi, tunafundisha kama mapishi: fanya hivi, mwaga hivi, baki na hivi. Mwanafunzi anafika mwisho na kichupa cha mashapo meupe, anafurahi, tunampigia makofi. Nani amempima? Weupe si usafi. Wingi si usafi. Hata ukali wa kazi peke yake si usafi, kwa sababu unaweza kuwa na kazi nyingi kwa vile tu una uchafu mwingi uliobeba kimeng'enya kingi.

Usafi ni hesabu moja: kazi iliyofanyika gawanya kwa miligramu za protini. Tuchukue mfano wa kubuni. Maji yako ya kwanza yana protini miligramu 20,000 na kazi ya vipimo 100,000. Ukigawanya unapata 5 kwa kila miligramu. Baada ya chumvi, mashapo yako yana protini miligramu 4,000 na kazi ya vipimo 80,000. Hiyo ni 20 kwa miligramu. Umesafisha mara nne, na umebaki na asilimia 80 ya ulichoanza nacho. Na zile asilimia 20 ziko wapi? Kama hukumwaga mashapo ya kwanza, nenda kayapime. Kama hukumwaga maji ya mwisho, yapime pia. Ukijumlisha ukapata karibu na 100,000, umeijua kazi yako. Ukipata 150,000 usishangilie, huenda kulikuwa na kizuizi kilichoondoka njiani na kimeng'enya kikapata nafasi. Kongosho la ng'ombe kweli lina kizuizi cha tripsini. Kunitz na Northrop wenyewe walikipata kwa fuwele mwaka 1936, na baadaye kikawa dawa ya kupunguza damu inayovuja kwenye upasuaji wa moyo.

Mtaniuliza, mwalimu, kazi ya tripsini tutaipimaje na sisi hatuna mashine? Chukueni zile filamu za zamani za eksirei, nyeusi, zilizokuwa zikioshwa kwa dawa, ambazo nyumba nyingi bado zinazo ndani ya bahasha za kaki kabatini. Weusi ule ni chembe za fedha zilizoshikwa na jelatini, na jelatini ni protini. Kata vipande vya ukubwa sawa. Iamshe tripsinojeni yako kwanza, kwa mkwaruzo mdogo wa utando wa ndani wa utumbo wa mwanzo, ambamo enterokinasi inakaa. Weka myeyuko kwenye pH 8 na kalisi kidogo, maana kalisi huizuia tripsini isijile. Tumbukiza filamu kwenye joto la mwili. Baada ya muda weusi unaanza kuchanika pembeni, unateleza, unaanguka chini kama vumbi jeusi, na mkononi unabaki na plastiki inayopitisha mwanga. Andika dakika zilizopita. Weka kipande kingine kwenye myeyuko uliouchemsha, ambacho kinapaswa kubaki cheusi, kingine kwenye maji matupu. Kisha zimua myeyuko mara mbili, mara nne, mara nane, uone muda unavyorefuka. Hapo una kipimo. Si kipimo cha kuchapisha kwenye jarida kubwa, lakini kinalinganisha hatua na hatua kwa haki, na hicho ndicho tunachohitaji.

Narudi kwa Moses Kunitz, maana wataalamu wa maabara mliomo humu mnastahili kumjua. Alizaliwa mwaka 1887 Slonim, mji ulio Belarusi ya leo. Alifika Marekani mwaka 1909, na mwaka 1913 aliajiriwa kama msaidizi wa maabara kwa Jacques Loeb, mwanasayansi wa Taasisi ile ile ya Rockefeller. Alisoma huku akifanya kazi, akapata shahada ya udaktari Columbia mwaka 1924. Mikono yake ndiyo iliyotoa sehemu kubwa ya fuwele za kongosho ambazo dunia ilikuja kuzitumia. Na mtu huyu alifanya hasa ninachowaomba. Kwenye maji yale ambayo wengine wangemwaga baada ya mashapo ya tripsinojeni na wenzake kuchujwa, yeye aliendelea kuongeza chumvi hadi asilimia 80. Mwaka 1940 akatangaza fuwele za kimeng'enya kingine kabisa, ribonukliasi, kinachokata RNA, yaani molekuli inayobeba maelekezo ya kutengeneza protini ndani ya seli. Kilikuwa kwenye maji ya kumwagwa.

Ribonukliasi ni ngumu kuiharibu. Inavumilia joto la maji yanayochemka kwenye asidi. Ni ndogo, ina asidi amino 124 tu. Katika miaka ya 1950 kampuni ya Armour ya Chicago, ambayo kazi yake ilikuwa kuchinja na kuuza nyama, ilisafisha kilo nzima ya ribonukliasi ya ng'ombe na kuigawa kwa wanasayansi. Kilo moja ya protini safi, wakati watu walikuwa wakihangaikia miligramu! Kimeng'enya hicho ndicho Stanford Moore na William Stein walichokitumia kusoma mpangilio wa asidi amino zake, na Christian Anfinsen akakitumia kuonyesha kwamba mnyororo wa protini ukikunjuliwa unaweza kujikunja wenyewe na kurudi kwenye umbo lake. Wote watatu wakapata Nobel mwaka 1972. Ndugu zangu wa machinjio, ile ilikuwa kampuni ya wachinjaji.

Kuna njia nyingine za kutuamisha ambazo sitazieleza kwa kirefu: asetoni baridi, pombe, na kurekebisha pH mpaka protini ipoteze chaji na kujikusanya yenyewe. Ya pombe nitaitaja kwa sababu moja tu. Kongosho lile lile lina insulini, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 kule Toronto ugumu ulikuwa kuitoa ikiwa safi. Tarehe 11 Januari 1922 mgonjwa wa kwanza, Leonard Thompson, kijana wa miaka 14 aliyekuwa akifa kwa kisukari, alidungwa maji ya kongosho yaliyotayarishwa na watafiti Banting na Best. Sukari ilishuka kidogo, lakini alifanya jipu pale alipodungwa, na matibabu yakasimamishwa. Mwenzao, mkemia James Collip, akaanza kuisafisha kwa pombe. Aligundua kwamba insulini hubaki imeyeyuka pombe ikiwa nyingi huku protini nyingine zikitoka, kisha pombe ikipita asilimia 90 hivi nayo inatuama. Akatenga kati ya vikomo hivyo viwili. Tarehe 23 Januari Leonard alidungwa tena, mara hii kwa dawa ya Collip, na sukari ikashuka kweli. Siku 12 zilitenganisha sindano hizo mbili, na tofauti yake ilikuwa usafi.

Matumizi ya vimeng'enya hivi yapo hadi leo. Otto Röhm wa Ujerumani alianza mwaka 1907 kuuza vimeng'enya vya kongosho vya kulainishia ngozi, kazi iliyokuwa ikifanywa kwa kinyesi cha mbwa. Viwanda vyetu vya ngozi vinanunua vimeng'enya vya kazi hiyo kutoka nje. Wagonjwa ambao kongosho lao limekufa humeza vidonge vya vimeng'enya vya nguruwe kila wanapokula. Seli zinazokuzwa maabara huachanishwa kwa tripsini. Nyingi ya bidhaa hizi hutoka kwa nguruwe, na Waislamu wanaouliza asili yake wana haki ya kujibiwa kwa lebo iliyo wazi. Ng'ombe wetu wanatosha kujibu swali hilo, kama kongosho lao halitafika kwenye ndoo ya mabaki.

Na hapa ndipo ombi langu lilipo. Kwanza tahadhari moja kwa wanafunzi: unga mkavu wa vimeng'enya hivi ukivutwa puani huleta mzio mbaya wa mapafu, kwa hiyo fanyeni kazi na mashapo yaliyolowa na mvae barakoa. Na msichanganye salfeti ya amonia na alkali kali kwenye chumba kilichofungwa, itatoa gesi ya amonia inayochoma macho na koo.

Kwa wachinjaji: tutawaletea ndoo zenye mfuniko, ndani yake chupa ya asidi iliyozimuliwa iliyofungwa vizuri, na barafu kuizunguka. Tunaomba kongosho litolewe kabla utumbo haujapasuliwa, lisiguse maji ya utumbo hata kidogo, litumbukizwe mara moja. Kwenye kibandiko cha ndoo andikeni saa mnyama alipochinjwa na saa kongosho lilipoingia kwenye asidi. Mambo hayo mawili tu. Sisi tutapima la haraka na la kuchelewa, tutapima kila maji na kila mashapo, na majibu tutayabandika kwenye ukuta wa machinjio, siyo wa chuo peke yake, ili kila mmoja wenu aone ndoo yake ilitoa nini.

Ndoo za kwanza ziko pale mlangoni. Asanteni kwa kunisikiliza, na sasa nayakaribisha maswali, tuanze na ndugu zetu wa machinjio.